Shikamoo Iliyopotea

Mke wangu Kahonzi husema kwamba mimi nikijikwaa kwenye jiwe, kabla sijaangalia kama kidole kinatoka damu, nimeshatafuta mstari wa Biblia wa kukifungia. Anatia chumvi, lakini si sana. Mimi ni mchungaji wa Kanisa la Marafiki hapa Gede, na kazi yangu, kama ninavyoiona, ni kuokota mafunzo ya Mungu pale ambapo wenzangu huokota kuni. Kuku akikataa kuatamia, nina mahubiri. Sukari ikiingia sisimizi, nina mahubiri mawili. Kahonzi amechoka. Juzi alinipa chai kavu, haina hata chembe ya sukari, akaniambia, "Na hii pia ina funzo, tafuta."

Marafiki ni wachache huku pwani. Ukitaja jina la kanisa letu, watu huuliza marafiki wa nani. Wageni wetu kutoka Vihiga waliwahi kupelekwa mpaka Marafa na dereva aliyesikia jina vibaya, wakashinda juani wakitafuta kanisa kwenye makorongo, na huku sisi tumewachinjia mbuzi Gede. Tunaimba na kuhubiri kama makanisa mengine, ila tuna mambo mawili yanayowashangaza majirani. La kwanza ni kimya. Katikati ya ibada tunanyamaza, hata robo saa, kila mtu akimsikiliza Mungu moyoni mwake. La pili ni kwamba hatuapi. Hatuapi kwa Biblia mahakamani wala kwa jina la Mungu barabarani. Ndiyo yetu ni ndiyo na la yetu ni la, basi.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, hicho kimya kilinitesa. Sisi Wagiriama tunajua kuimba. Kunyamaza, tunakiri, ni kazi ngeni. Ikifika dakika ya pili, Mzee Kambi wa benchi la mbele hukohoa na kusema "Amina!" kwa nguvu, ili tuendelee na ratiba. Dakika ya nne simu ya mtu inalia, naye anaipokea, anamwambia aliyepiga kwamba yuko kanisani, tena wamenyamaza. Nilikuwa nikirudi nyumbani Jumapili nimefura. Hasira zangu ziko karibu, afadhali nikiri hilo mapema.

Ndipo nikamgundua Mzee Awadh.

Mzee Awadh ni Mswahili wa Mambrui aliyehamia Gede zamani, na anapika halua kando ya barabara, mlango wa pili kutoka mashine ya Shukri ya kusaga unga. Halua haitaki haraka. Wanga, sukari na samli vikishaingia kwenye sufuria kubwa, mtu husimama na mwiko mrefu na kukoroga kwa saa nyingi, na akiacha kidogo tu inashika chini na kazi yote imeharibika. Nilikuwa nikifika, nasimama mbele yake, nasema, "Shikamoo, Mzee Awadh," naye anaitikia, "Marahaba, Mchungaji, karibu kitako." Nakaa kwenye benchi lake, yeye anakoroga, na hatusemi tena. Saa nzima inapita hivyo. Sijawahi kukaa na mtu nikapumzika kiasi kile.

Siku moja nilimfungulia moyo. Nilimweleza yote, kwamba washirika hawanyamazi, kwamba nimeanza kushuku wito wangu, kwamba Kahonzi anataka turudi Kaloleni kwa wazazi wake. Nilitokwa na machozi. Mzee Awadh alinitazama kwa macho ya upole tangu mwanzo mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, hakunipa shauri hata moja. Nilipomaliza alisema, "Mungu mkubwa," akanikatia kipande cha halua chenye lozi nyingi.

Nilihubiri jambo hilo Jumapili iliyofuata. Niliwaambia washirika wangu kwamba Muislamu mmoja wa Gede anajua kimya cha Marafiki kuliko Marafiki wenyewe. Yalikuwa mahubiri bora ya maisha yangu. Niliombwa kuyarudia Malindi, kisha Mariakani, ambako mama mmoja alilia mpaka akatolewa nje. Hata Mzee Kambi alianza kufikisha dakika saba. Nilijiona nimefika.

Basi, Jumanne moja ya mwezi wa nane stima zilipotea tangu asubuhi, umeme hakuna Gede nzima. Shukri alifunga mashine yake akaenda kulala, na barabara ikatulia. Nilikuwa kwenye benchi langu, kinywa kimejaa halua, na Mzee Awadh amenipa mgongo anakoroga. Akatokea Taufiq. Taufiq ni fundi wa friji, kijana wa Mambrui, na alikuwa ameposa Rufaida, binti wa mwisho wa Mzee Awadh, anayefundisha chekechea Watamu. Posa ilikuwa imekubaliwa na nikaha imepangwa Ijumaa ya wiki ya pili. Kijana alisimama nyuma ya mkwewe, akainamisha macho, akateremsha sauti kama inavyompasa mtu mbele ya baba wa mchumba, akasema, "Shikamoo, mzee."

Mzee Awadh akaendelea kukoroga.

"Shikamoo, mzee," akarudia kijana. Alingoja. Uso ulimshuka, akanitazama mimi, na mimi nikamwinulia mabega. Akaondoka pole pole kuelekea stendi.

Hapo ndipo Mzee Awadh alipogeuka kuchukua iliki, akauona mgongo wa mtu unakwenda. "Yule si Taufiq yule?"

"Ndiye," nikasema.

"Apita mlangoni pangu asiniamkie?" Akanikazia macho usoni, akingoja.

Nilichanganyikiwa. Nilidhani mzee amesikia na anamjaribu kijana, kama wakwe wanavyopenda kufanya, na sasa ananijaribu na mimi. Nikameza halua yangu nikasema, "Labda ana haraka." Nimesema maneno mengi ya kipumbavu tangu nipewe uchungaji, lakini hayo ndiyo ninayoyaonea haya zaidi.

Kesho yake asubuhi Kahonzi alirudi na mahamri na habari. Mzee Awadh amekula yamini mbele ya mkewe na binti yake. Amesema wallahi, Rufaida hamwozi mtu anayempita yeye kama anavyompita mbuzi. Taufiq amepiga simu akalia kwamba aliamkia mara mbili, na mzee amejibu kwamba basi kumbe ni mwongo pia. Wazee wa Mambrui wamesikia kijana wao ameitwa mwongo, na wao sasa wamenuna. Nikaha hakuna.

"Lakini aliamkia!" nikasema. "Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu haya."

"Na mzee je? Hakusikia kwa yake?"

Niliweka chini hamri. Nilikumbuka kwamba kila siku nilimwamkia nikiwa mbele ya macho yake. Nikakumbuka jinsi anavyowatazama watu midomo. Nikavaa kandambili nikaenda dukani mbio mbio, nikamkuta amenipa mgongo, nikasimama hatua mbili nyuma yake nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee Awadh, paa lako linaungua."

Akakoroga. Nikamwongezea kwamba na kanzu yake pia inaungua. Akakoroga.

Nilirudi nyumbani nikaketi kwenye ngazi. Nilicheka kwanza, siwezi kuficha. Machozi yangu yote yale, siri zangu zote zile, nilikuwa nimemwambia mtu ambaye hakusikia hata neno moja. Na mama wa Mariakani aliyetolewa nje analia! Kahonzi alijishika mbavu mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikaisha, nikamfikiria Rufaida, nikaona aibu.

Alasiri yule binti alikuja kwetu na mamake, Bi Shekha. Rufaida alikuwa na macho mekundu. Bi Shekha alijifunika buibui lake vizuri akaanza.

"Mchungaji, wewe ulikuwepo. Kijana aliamkia ama hakuamkia?"

"Aliamkia, Bi Shekha. Mara mbili."

"Alhamdulillahi. Basi nenda umwambie mwenzio. Lakini sikiza." Akasogea. "Masikio yake yamekwisha, mwaka wa pili huu. Mimi najua, watoto wajua, Gede nzima yajua. Yeye hataki lisemwe. Daktari alimkataa, kile kidude cha kutia sikioni alikitupa. Kumwambia mwanamume yule kwamba hasikii ni kumvua nguo sokoni. Kwa hivyo mwambie hivi: kijana aliamkia, lakini mashine ya Shukri ilikuwa yasaga, kwa kelele zile nani angesikia? Hapo atapoa. Kila mtu na heshima yake."

"Stima zilikuwa zimepotea," nikasema.

"Yeye atakumbuka stima za Jumanne?"

"Bi Shekha, sisi hatusemi..."

Ndipo Rufaida akafungua kinywa. "Mchungaji, mimi sijui kanisa lenu lakataza nini. Taufiq nampenda. Kijana wa watu aitwa mwongo kwa sababu ya kusema kweli. Ukitoka kwa baba na nikaha haipo, mimi sina pengine pa kwenda." Akanyamaza, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko chochote nilichowahi kuongoza kanisani.

Walipoondoka nilimuuliza Kahonzi afanye nini mtu. Nilitaraji atanicheka. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua macho. "Mimi ningesema mashine," alisema. "Ningesema mashine, halafu ningekula pilau ya arusi, na Mungu angenielewa. Lakini mimi si wewe. Wewe si unaona funzo hata kwenye sisimizi? Haya, liko wapi?"

Sikuliona. Nasema kweli, nilitafuta sana na sikuona kitu. Niliona tu kwamba uongo ule ni mzuri, mwepesi, unamfaa kila mtu, na kwamba nautaka.

Asubuhi ya Alhamisi nilikwenda. Sikukaa kwenye benchi. Nilisimama upande wa pili wa sufuria, moto katikati yetu, ili aone midomo yangu. Shikamoo, marahaba. Nikasema, "Mzee Awadh, Jumanne Taufiq alikuamkia. Mara mbili. Alisimama nyuma yako. Nilimsikia. Nilipaswa kukwambia palepale, nikasema ana haraka. Nisamehe kwa hilo."

Mwiko ulisimama. Kisha ukaanza tena, maana halua haingoji. "Apa," akasema.

"Mzee wangu, sisi Marafiki hatuapi."

"Neno moja tu, sema wallahi. Ama sema kwa jina la Yesu wako, nitakubali."

"Hatuapi kwa lolote. Nikisema ndiyo ni ndiyo."

"Binti yangu amesimama kati ya kuolewa na kutoolewa, na wewe mdomo wako wauwekea heshima!" Uso wake uliiva. "Na mimi niamini vipi? Jumanne wewe wanambia ana haraka, leo wanambia aliniamkia. Ndiyo yako ni ipi katika hizo?"

Alinipata, na iliniuma. Hasira zangu zilipanda mpaka kooni, nikataka kumjibu vibaya, nikataka kuondoka. Sikuondoka. Nikakaa kwenye benchi, kwa ukaidi zaidi ya utakatifu, na yeye hangeweza kunifukuza kwa sababu sufuria ilimshika. Akakoroga kwa nguvu, sukari ikimrukia kwenye mikono. Muda mrefu ulipita. Watu wawili walikuja kununua, wakatuona nyuso zetu, wakaenda zao.

Mwishowe alinitazama, macho yamenibana. "Nambie jambo moja. Siku hiyo mashine ya Shukri ilikuwa yasaga?"

Sikuwa nimeutafuta mlango ule, ameufungua mwenyewe. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, neno fupi ambalo nalisema mara mia kwa siku, na Rufaida angeolewa, na mzee angebaki na heshima yake, na mimi na benchi langu. Ulimi wangu ulikuwa umeshajikunja kulisema.

"La," nikasema. "Stima zilikuwa zimepotea. Kulikuwa na kimya kabisa. Alisema mara mbili, mzee wangu, na wewe hukusikia. Masikio yako hayasikii."

Nilidhani atanirushia mwiko. Aliendelea kukoroga, taratibu sasa, mizunguko mitatu, minne. Kisha akatazama chini.

"Mashine ya Shukri," akasema, "mimi naisikia kwa miguu."

"Kwa miguu?"

"Ikisaga, sakafu hii yatetema. Kwa masikio ilinipotea kitambo, kwa miguu naisikia vizuri. Jumanne miguu yangu haikusikia kitu. Shekha amekutuma useme mashine, usikatae, miaka arubaini namjua mke wangu. Lau ungesema ilisaga, ningekutoa hapa na usingerudi tena." Akajipangusa uso kwa kikoi. "Ulikuwa na uongo mzuri mkononi, ukanipa kweli mbaya. Basi sina haja ya wallahi yako."

Nilikuwa na furaha na nilikuwa namwonea huruma, vyote pamoja.

"Na yamini yangu nitaitolea kafara," akaendelea, "nilishe masikini kumi, nimeapa nikiwa sijui. Kijana nitamwomba radhi. Hilo ndilo gumu."

Kwa kuwa siku ilikuwa ya kweli, nikaona na yangu niitoe. Nikamweleza, pole pole, nikitamka vizuri, habari ya mahubiri yangu. Jinsi nilivyolia mbele yake, jinsi nilivyomtangaza Malindi na Mariakani kuwa bingwa wa kimya. Alinikodolea macho. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika.

"Ulinihubiri? Mimi? Kanisani?" Alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Mwanangu, siku ile sikusikia hata neno! Niliona walia, nikadhani umefiwa. Nikasema nimkatie penye lozi."

"Basi mahubiri yangu yote yalikuwa bure," nikasema, nami nacheka, ingawa ilinichoma kidogo.

Aliacha kucheka. Alinitazama kwa macho yale yale ya siku ile. "Sikiza. Kila mtu akija hapa asema, asema, na mimi nachungua mdomo wake kutwa, nikisie, niitikie, nisije nikajulikana. Jioni kichwa chauma. Wewe waja, wakaa, wanyamaza. Ukiwa hapa mimi sina la kukisia. Mbele yako pekee, Gona, ndipo sikuwa kiziwi." Mara ya kwanza hiyo kuniita kwa jina langu. Akarudi kwenye sufuria yake, na mimi nikabaki pale benchini, nikipenga kamasi bila aibu.

Nikaha ilifungwa Ijumaa ile ile iliyopangwa, baada ya alasiri, chini ya turubai uani kwa Mzee Awadh, wanawake wakiwa ndani nyuma ya mapazia. Wazee wa Mambrui walikuwa wamekuja, bado wamekaza nyuso. Mimi niliwekwa mkekani nyuma kidogo, nikiwa na kanzu ya kuazima iliyonifika magotini. Sheikh alimketisha Mzee Awadh uso kwa uso na Taufiq, wakashikana mikono ya kulia. Mzee akasema maneno yake vizuri, kwamba amemuoza Rufaida binti yake kwa mahari waliyokubaliana. Kisha ikawa zamu ya kijana. Na kijana, kwa woga na kwa adabu, akainamisha kichwa, akajibu kwa sauti ya chini kifuani mwake.

Sheikh alimgeukia Mzee Awadh, aliye walii wa binti yake, athibitishe amesikia. Watu wote walimtazama. Kidevu cha Taufiq kilikuwa kimeangukia kifua, na midomo yake haikuonekana kwa mtu yeyote. Niliona Mzee Awadh anaangaza macho huku na huku, kama anavyofanya anapokisia. Ingetosha aitikie kwa kichwa. Kila mmoja pale angesadiki.

Mzee Awadh hakuitikia kwa kichwa. Aliinua mkono wake wa kushoto, akauweka nyuma ya sikio, mbele ya wakwe, mbele ya majirani, mbele ya Shukri na Gede nzima.

"Mwanangu," akasema, "sema tena, kwa sauti. Baba yako hasikii."

Hakuna aliyekohoa. Taufiq aliinua uso, machozi yanamtoka, akavuta pumzi akapaza sauti iliyofika barabarani. "Nimekubali kumuoa!"

"Marahaba," akasema Mzee Awadh, huku vigelegele vikipasuka nyuma ya mapazia. "Sasa nimekusikia."